Huu wa Chungu, Huu wa Shimo

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu wenye homa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hiyo nimeisikia. Shija, ondoa mguu wako hapo motoni, sitaki kukatiza hadithi kwa ajili ya mtu aliyeungua kidole. Milembe, sogea mwenzako apate nafasi. Na niwaambie mapema, hadithi ya leo si ya kuchekacheka. Mwenye kucheka atacheka, lakini tumbo litakuwa linamkaza.

Zamani za kale, kuku walipokuwa bado wanasema na watu, kwenye nchi ya misitu ya miyombo, alikuwako mwanamume mmoja jina lake Lugusha. Lugusha alikuwa na wake watatu. Mke mkubwa aliitwa Nyamizi. Mke wa kati aliitwa Kalunde. Mke mdogo aliitwa Wande. Semeni.

"Nyamizi, Kalunde, Wande."

Vizuri. Kila mke alikuwa na nyumba yake, jiko lake na shamba lake. Watoto wa Nyamizi walikuwa wameshaoa na kuolewa, wameondoka. Waliobaki pale uani walikuwa watoto saba, watano wa Kalunde na wawili wa Wande, na wote saba walikula pamoja kwenye chano kimoja. Hapakuwa na chano cha Kalunde wala chano cha Wande. Chungu kikipikwa, kikimwagwa kwenye chano, mikono saba inaingia. Mshike hilo.

Sasa nchi ile mvua za kwanza zikinyesha, uyoga huota msituni mpaka mtu akakosa pa kukanyaga. Wanawake huenda kuuokota alfajiri, wakarudi na vikapu vimejaa. Lakini katika nyumba ya Lugusha hakuna mke aliyethubutu kuutia chunguni mpaka umwagwe kwenye ungo wa mke mkubwa. Nyamizi alikaa chini, ungo mapajani. Lugusha alikaa kando kwenye kigoda chake, kwa sababu uyoga wa kwanza wa mwaka ulichaguliwa mbele ya mwenye nyumba. Nyamizi aliuchukua mmoja mmoja, akaugeuza, akautazama chini ya kofia, akavunja shina, akanusa. Ukiwa mzuri alisema, "Huu wa chungu." Ukiwa mbaya alisema, "Huu wa shimo," na ulitupwa kwenye shimo lililochimbwa pale pale. Nataka mnisaidie hapo. Ukiwa mzuri?

"Huu wa chungu."

Ukiwa mbaya?

"Huu wa shimo."

"Bibi, kwa nini yeye peke yake?" Shija anauliza.

Kwa sababu mama yake alimfundisha, na yeye hakumfundisha mtu. Kalunde aliwahi kumwomba mwaka ule alioolewa. Alimwambia, "Dada, nifundishe na mimi." Nyamizi akamjibu, "Utajua wakati wake ukifika." Ikapita miaka kumi na miwili, wakati haujafika. Mnajua kwa nini? Nyumba ikiwa na wake watatu, kila mke hutafuta kitu kitakachomfanya asisahauliwe. Wande alikuwa na ujana. Kalunde alikuwa na wana wa kiume wanne. Nyamizi alikuwa na ungo.

Basi sikilizeni siri. Macho ya Nyamizi yalikuwa yanazima. Hayakuzima siku moja. Kwanza alishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Kisha nyuso za watu wa mbali zikapotea. Kisha nyuso za watu wa karibu. Mwaka ule wa hadithi yetu alikuwa anaona mwanga na kivuli tu, basi. Na hakumwambia mtu. Aliogopa. Aliwahi kumwona mama yake mdogo alipopofuka, akarudishwa kwa kaka zake, akawekwa nyuma ya nyumba akilishwa ukoko wa chungu mpaka akafa. Nyamizi alijisemea, mimi sitakula ukoko. Akajifunza kuhesabu. Kutoka mlangoni kwake mpaka jikoni, hatua saba. Kutoka jikoni mpaka ghalani, hatua kumi na mbili. Kutoka jikoni mpaka kwenye kigoda cha mumewe, hatua tisa. Alitembea kichwa juu, kama mtu aonaye.

Siku moja, katika kuhesabu kwake, akakanyaga kifaranga.

Kifaranga kikafa. Mama yake, kuku mmoja mwenye shingo tupu asiye na mwenyewe, aliona yote. Kuku akasubiri mke mkubwa amwombe radhi. Nyamizi hakuomba radhi, maana hakujua amekanyaga nini. Alidhani ni ganda la boga. Kuku akaudhika. Akajikung'uta, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Kalunde.

"Ko-ko-ko," akasema kuku. "Nina neno chini ya ulimi. Nirushie punje nilitoe."

Kalunde akamrushia punje za mtama. Kuku akazidonoa zote kwanza, ndipo akasema, "Mama mkubwa hatazami anapokanyaga."

Mbona mmemkunjia uso Kalunde? Bado hajafanya kitu. Kalunde hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuwa wa pili. Aliposikia neno lile, alifikiri siku nzima. Hatazami anapokanyaga. Labda haoni. Na kama haoni, anachaguaje uyoga? Na kama hawezi kuchagua uyoga, ungo ni wa nani? Kesho yake akaenda kwa Nyamizi.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, Kalunde. Umeamkaje?"

"Nimeamka. Nimekuja kuomba mbegu. Nataka mtama mweupe, kikapu kimoja."

Mbegu za nyumba zote zilikuwa ghalani kwa mke mkubwa, na mtama wa nyumba ile ulikuwa wa aina mbili, mwekundu na mweupe. Ukiushika gizani, punje ni zile zile. Nyamizi akatembea hatua kumi na mbili. Akaingia ghalani. Mkono wa kulia mwekundu, mkono wa kushoto mweupe, ndivyo alivyoupanga mwenyewe. Akachota wa kushoto, akatoka, akampa.

Kalunde akatazama kikapu. Ulikuwa mweupe. Lakini akasema, "Dada, mbona umenipa mwekundu?"

Alidanganya. Nyamizi akajiuliza. Je, alisahau? Je, mtu alihamisha vikapu? Akisema ni mweupe na kumbe ni mwekundu, amekwisha. Akisema samahani, nikubadilishie, na kumbe ni mweupe, amekwisha. Alisimama pale na kikapu kati yao, na Kalunde alikuwa anamtazama usoni kwa karibu sana. Mngefanyaje?

"Ningekimbia," Milembe anasema.

Ungekimbilia wapi, na wewe huoni? Nyamizi hakukimbia. Alitia mkono kikapuni taratibu, akachukua punje mbili, akazitafuna. Mtama mwekundu ni mchungu, mweupe una utamu. Akatafuna, akameza, akasema, "Ni mweupe huu, Kalunde. Kama macho yanakuuma, katafute dawa."

Haya, chekeni. Kalunde aliondoka na kikapu chake na aibu yake. Lakini Nyamizi aliporudi ndani alifunga mlango, akakaa sakafuni. Alijua sasa kwamba anachunguzwa.

Siku tatu hazikupita, kuku akarudi kwa Kalunde.

"Ko-ko-ko. Nina neno chini ya ulimi. Nirushie punje nilitoe."

Kalunde akarusha. Kuku akadonoa, akasema, "Mama mkubwa anatembea akihesabu. Nimelala jikoni kwake, nimemsikia. Moja, mbili, tatu, mpaka tisa."

Sasa nimlete Wande, yule mdogo, maana hamjamsikia bado. Wande alikuwa anajua siri. Alijuaje? Asubuhi moja Nyamizi alimsifu mtoto wa Wande, "Nywele zake nzuri hizi, zimejaa," na jana yake Wande alikuwa amemnyoa mtoto kipara. Wande akanyamaza. Alimhurumia. Tangu siku ile, akiona kigogo kimelala njiani anakiondoa, akiona mbuzi amejilaza mlangoni anamfukuza, na hakusema na mtu. Laiti mambo yangekaa hivyo.

Jioni ile Nyamizi alikuwa anampelekea Lugusha chakula. Hatua tisa. Kalunde akauchukua mtungi wa maji kutoka ukutani, akauweka katikati ya njia, Lugusha akiwa amewapa mgongo, akarudi kukaa kama mtu anayechambua mboga. Wande aliona. Alikuwa na mtoto mgongoni, alikuwa mbali kidogo, akafungua mdomo amwonye mke mkubwa. Moja, mbili, tatu, nne. Hatua ya tano, mtungi ukapasuka. Maji yakamwagika, ugali ukaingia mchangani, Nyamizi akapiga magoti.

Lugusha akainuka. "Nani ameacha mtungi hapa?"

Nyamizi akiwa bado chini, maji yakimtiririka miguuni, akasema neno la kwanza lililomjia. Akasema, "Wande."

"Lakini si Wande!" Shija anasema.

Najua si Wande. Na yeye Nyamizi hakujua ni nani. Ila alihitaji jina kabla mumewe hajauliza mbona hukuuona, basi akamtaja mdogo, kwa kuwa mdogo ndiye asiyebishana. Lugusha akamgombeza Wande mbele ya watoto. Akamwambia, "Mwezi mzima utachota maji ya nyumba zote tatu." Wande akafunga mdomo wake ule aliokuwa ameufungua kuonya. Akamtazama Nyamizi, akamtazama Kalunde. Akasema moyoni, wakubwa hawa wamalizane wenyewe. Toka siku ile kigogo kikilala njiani alikiruka, akapita zake.

Ndipo mvua zikanyesha.

Siku ya uyoga ilipokaribia, Nyamizi hakulala vizuri wala hakula vizuri. Mwaka uliopita alikuwa amechagua kwa pua na vidole, na kila aliposema huu wa chungu alihisi kama anamtupa mtoto hewani bila kujua kama atamdaka. Hakuna aliyeugua. Labda mwaka huu pia. Labda. Na Kalunde naye alikuwa anafikiri, maana kuku alikuwa amekuja mara ya tatu.

"Ko-ko-ko. Nina neno chini ya ulimi."

"Liseme haraka," Kalunde akasema, akamrushia konzi nzima.

"Mama mkubwa anatumia pua," kuku akasema. "Kila kitu ananusa kwanza."

Wanawake wakaenda msituni, wakarudi na vikapu. Uyoga ukamwagwa kwenye ungo. Lugusha akakaa kwenye kigoda. Watoto saba wakakaa kwa mstari, wamekwisha kunawa. Kalunde akasema, "Niwashe moto kabisa, ili tusichelewe," akawasha jikoni kwake, upande unakotoka upepo, na kuni alizotia zilikuwa zimelowa. Moshi ukatanda uani. Kila mtu akakohoa. "Tusameheane," Kalunde akasema, "mvua imelowesha kuni zote." Nyamizi pua ikaziba, machozi yakamtoka. Na Kalunde, katika moshi ule, akapenyeza uyoga mmoja kwenye ungo. Ulikuwa ule wenye kofia nyekundu na madoa meupe. Mnaujua?

"Tunaujua!"

Mnaujua, na mbuzi anaujua, na kila mtu anaujua. Nyamizi akaanza. Huu wa chungu. Huu wa chungu. Huu wa shimo. Sauti yake ilikuwa tulivu, vidole vyake vilikuwa baridi. Akaufikia ule mwekundu. Akaupapasa. Akaunusa, akapata moshi mtupu. Kofia ilikuwa laini kama zile nzuri. Alikaa nao mkononi kwa muda mrefu, na watu wote walikuwa wameuona, na hakuna aliyesema. Wande alikuwa ameuona. Wande alitazama chini.

Nyamizi akasema, "Huu wa chungu."

Lugusha akanyoosha mkono, akautwaa ule uyoga. Akauliza polepole, "Nyamizi. Huu una rangi gani?"

Nyamizi akaushika ungo kwa mikono miwili.

Lugusha akainua mkono mbele ya uso wa mkewe. "Ni vidole vingapi?"

Nyamizi akasema, "Vitano."

Vilikuwa viwili.

Mbona hamcheki tena? Afadhali. Lugusha akamwuliza, "Tangu lini?" Nyamizi akasema, "Yalianza kuzima kabla Wande hajaolewa hapa." Lugusha akasema, "Na mwaka jana ulitulisha hivyo hivyo." Nyamizi akasema, "Hakuna aliyeugua." Lakini alilisema kwa sauti ndogo, kwa kuwa yeye mwenyewe halikumridhisha. Lugusha akauchukua ungo kutoka mapajani mwa Nyamizi, akamwekea Kalunde mapajani. "Toka leo mama Mihambo ndiye atakayechagua," akasema. Mihambo alikuwa mtoto wa mwisho wa Kalunde, miaka mitano, mwenye tumbo la mbele. Nyamizi akainuka, akapapasa ukuta mbele ya watu bila kujificha tena, akaenda kukaa mlangoni kwake.

Basi Kalunde ameshinda. Ungo aliousubiri miaka kumi na miwili uko mapajani mwake. Akatazama ndani. Na hapo, wajukuu zangu, damu yake ikapoa. Uliobaki kwenye ungo ulikuwa uyoga mweupe mtupu. Ule mweupe wa msitu ule ni wa namna mbili, zimefanana kama pacha. Mmoja ni chakula. Mwingine hauui siku hiyo. Ukiula unashiba, unalala, unaamka mzima, unacheza. Siku ya tatu ndipo...

"Usiseme, bibi."

Sisemi. Kalunde aliujua mbaya mmoja tu, ule mwekundu, ule ambao hata mbuzi anaujua. Mwingine hakuujua. Nani angemfundisha? Angeweza kusema, jamani, sijui. Lakini Lugusha alikuwa anamtazama. Nyamizi alikuwa mlangoni anasikiliza. Angesemaje sijui, wakati ametoka kumwaibisha mwenzake sasa hivi, hata moshi haujaisha? Akachukua wa kwanza. Akaugeuza kama alivyomwona Nyamizi akigeuza. Akavunja shina, akanusa. "Huu wa chungu," akasema. "Huu wa chungu. Huu wa chungu." Kisha akaona anasema neno moja tu, watamshuku, basi akatupa mitatu shimoni, kwa sababu Nyamizi naye alikuwa akitupa. Mnaelewa alivyotupa? Aliitupa kwa kubahatisha, kama aliyefumba macho.

Wande akamsogelea, akamwuliza kwa kunong'ona, "Dada, una hakika?"

"Kwani mimi ni kipofu?" Kalunde akasema.

Chungu kikabandikwa motoni. Karanga zikatiwa. Watoto wakakizunguka chano, na Mihambo alikuwa mbele kuliko wote. Kalunde alikuwa anakoroga. Akajipa moyo. Labda wote ni mzuri. Msitu ni ule ule, mwaka jana hakuna aliyeugua. Labda.

Mlangoni kwake Nyamizi alikuwa amekaa na aibu yake. Kuni zilikuwa zimekauka, moshi umekwisha, pua imefunguka. Upepo ukamletea mvuke wa chungu. Akanusa karanga. Akanusa uyoga mzuri. Halafu, chini ya harufu hizo, akanusa kitu kama asali iliyochacha.

Akainua kichwa. Harufu ikapotea. Akasubiri. Ikarudi kidogo, ikapotea tena. Je, ndiyo? Karanga zilikuwa zimeifunika, hakuwa na hakika. Akiwaza kusema, aliwaza watakavyomjibu, kwamba ni wivu, kwamba amenyang'anywa ungo ndiyo maana. Na akikosea, safari ya kwa kaka zake ni kesho. Akinyamaza, hakuna mtoto wake kwenye kile chano. Hata mmoja. Watoto wake walikuwa mbali, wanakula kwao. Lakini wale saba, siku walipozaliwa, wote walikuwa wameangukia mikononi mwake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiwazalisha wenzake. Akamsikia Mihambo anasema, "Mama, mimi nitaanza."

Nyamizi akasimama. Njia ya kwenda jikoni kwa Kalunde hakuwahi kuihesabu. Miaka yote hakuwa na sababu ya kwenda huko. Akatembea tu, mikono mbele, akifuata joto na sauti za watoto. Akajikwaa. Akainuka. Lugusha akasema, "Nyamizi, rudi ukakae." Hakurudi. Alipohisi moto kwenye miguu yake, akakipiga chungu teke.

Chungu kikaanguka kutoka kwenye mafiga, kikavunjika. Mchuzi wote ukaingia mchangani, na mwingine ukamwagikia mguuni mwake, ngozi ikaondoka. Alisimama pale pale.

"Una wazimu?" Lugusha akasema.

"Mna uyoga wa shimo ndani."

"Umeuona?"

"Nimeunusa."

"Kwa pua ile ile iliyopitisha ule mwekundu?"

Lugusha hakumngoja ajibu. Akasema kwa hasira, "Kesho asubuhi utafungasha vyombo vyako. Kaka zako watakupokea."

"Nitakwenda," Nyamizi akasema. "Watoto wasile, basi."

Kalunde alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Hakuwa na haja ya kusema neno lolote. Mwenzake anaondoka kesho, ungo ni wake, na kilichokuwa chunguni kimemwagika, hakuna mtu atakayejua kamwe. Mambo yake yote yalikuwa yamenyooka. Alihitaji kunyamaza tu.

Lakini Mihambo alikuwa na njaa. Akachuchumaa, akaokota kipande cha uyoga mchangani. Akakipuliza vumbi kama mnavyofanya nyie mkidhani sioni. Akakipeleka mdomoni.

Kalunde akatupa mwiko. Akampiga mtoto mkono, akamwangusha chini, akamtia vidole mdomoni mpaka kooni, akikwangua, akikwangua, na mtoto analia.

Lugusha akamtazama. Akamwita, "Mama Mihambo."

"Bee."

"Si umechagua mwenyewe?"

"Nimechagua mwenyewe."

"Basi mwache mtoto ale."

Kalunde akawa na mtoto mapajani, mkono umeziba mdomo wake. Akamtazama mumewe. Akamtazama Nyamizi, ambaye alikuwa amegeuza sikio upande wao. Machozi yakaanza kumtoka, na safari hii hapakuwa na moshi.

"Sijui," akasema.

"Hujui nini?"

"Sijui uyoga. Sikuwahi kujua. Naujua ule mwekundu tu, na ule nimeuweka mimi kwenye ungo. Na mtungi nilisogeza mimi, si Wande."

Lugusha akafungua mdomo kumgombeza. Wande, yule asiyebishana, akamtangulia. Akauliza kwa adabu, "Baba, na wewe uliyekaa kwenye kigoda miaka yote hii, ungejua?" Lugusha akafunga mdomo. Hakujua uyoga hata kidogo. Alikuwa anakaa tu. Siku ile watoto walikula ugali kwa chumvi, na habari ya kaka za Nyamizi haikutajwa tena, si kesho yake wala mwaka mwingine.

"Lakini Mihambo, bibi? Alimeza?"

Hilo ndilo Kalunde alilokuwa anamwuliza. "Ulimeza? Mwanangu, ulimeza?" Mihambo siku hiyo alisema hapana, kesho yake akasema kidogo, kisha akasema hakumbuki. Mtoto wa miaka mitano, utamshika wapi? Ikabidi wangoje siku tatu.

Wake watatu wakakaa ndani ya nyumba moja, jambo ambalo halijapata kutokea. Wande alimpaka Nyamizi ute wa mshubiri kwenye mguu ulioungua. Nyamizi akasema, "Wande, siku ya mtungi nilikusingizia." Wande akasema, "Najua. Nilikuwepo." Akaendelea kupaka, na wala hakupaka kwa upole sana. Kalunde alikuwa amemshika Mihambo, anamgusa tumbo kila mara, anamwuliza kama linauma, mpaka mtoto akachoka kuulizwa. Siku ya kwanza alicheza. Siku ya pili alicheza. Hiyo haikumfariji mtu, kwa kuwa uyoga ule ndivyo unavyofanya. Kuku akaja mlangoni, akasema ana neno chini ya ulimi. Hakuna aliyemrushia punje, hakuna hata aliyegeuka, akaondoka na neno lake.

Siku ile ya pili Nyamizi akasema, "Kalunde, lete ungo."

"Chukua, ni wako," Kalunde akasema.

"Mimi niufanyie nini? Lete ungo na macho yako. Wande, kaokote uyoga mweupe mwingi, kisha na wewe uje ukae karibu. Vunjeni shina. Niambieni ndani mnaona rangi gani. Sasa nuseni. Si hivyo, nuseni kwa muda mrefu." Akawafundisha hapo hapo, huku wakimsikiliza mtoto anavyopumua. Kalunde alijifunza akilia, na alijifunza haraka. Na sijui kama mnaweza kuelewa nyie, lakini kila alipoelewa kitu kimoja, aliumia zaidi, maana aliona kilikuwa kitu cha asubuhi moja tu. Asubuhi moja, miaka kumi na miwili iliyopita, na lile lote lisingekuwepo.

Ikafika siku ya tatu. Asubuhi Mihambo hakuamka. Jua likapanda, hakuamka. Kalunde akaweka mkono kifuani mwake, akakikuta kinapanda na kushuka, lakini hakuthubutu kumwamsha. Nyamizi alikuwa ameshika mguu mmoja wa mtoto, Wande mguu mwingine. Wakakaa hivyo mpaka jua likafika utosini.

Mihambo akafungua macho. Akawatazama mama zake watatu mmoja mmoja. Akasema, "Nani amepika leo?"

Kalunde akambana kifuani, na wenzake hawakuiachia miguu yake.

"Kwa hiyo uyoga ulikuwa mzuri?" Shija anauliza.

Sijui. Hakuna aliyejua. Ulifukiwa ardhini, na Nyamizi mwenyewe mpaka anakufa alisema, huenda pua yangu ilinidanganya. Wala msidhani walipendana baada ya hapo. Waligombana sana, juu ya majivu, juu ya mbuzi, juu ya zamu. Lakini ungo uliwekwa katikati ya uani, na kila mtoto wa nyumba ile, wa kike na wa kiume, alifundishwa kuchagua.

Basi nawaambia, na mimi sisemi mara mbili. Mkiwa mnakula chano kimoja, usifiche unachokijua ili uonekane mkubwa, na usifiche usichokijua ili usionekane mdogo. Wakubwa hufichana, na mikono ya watoto ndiyo inayoingia kwenye chano.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Anayeitaka aibebe akalale nayo, asiyeitaka aiache jikoni. Kesho asubuhi mnakwenda msituni na vikapu, na mkirudi, kabla uyoga haujaingia chunguni, kila mmoja wenu atakuja kwangu anishike mkono, anioneshe shina analolivunja, aniambie ndani anaona rangi gani.